Vichwa Ngapi, Baiki Ngapi? Vile Utapakia Baiskeli kwa Ndai ya Familia

Cheki Limuru Road Jumapili asubuhi, kabla jam ianze kujipanga. Fielder inapita na baiki mbili juu. Noah inafuata, tairi ndogo ya mtoi inaonekana kwa kioo ya nyuma. Alafu inakuja Forester yenye imebeba tatu kwa mgongo, zimefungwa zikafungika. Wengi wao wanaingia forest ya Karura. Wengine wamelenga Vasha, wakazunguke Hell's Gate kati ya twiga na punda milia. Hii form imebamba, na mi nadai kila mbogi ya mtaa iingie, si wasee wa Westi peke yao.

Juu baiki ni yetu kitambo. Maguka walibeba maziwa, makaa na magunia ya mahindi na Black Mamba, zile chuma nzito zenye hazikuwa na gia ata moja. Chris Froome alizaliwa hapa Kanairo 1985, akashinda Tour de France mara 4, na msee mwenye alimshika mkono akiwa bado kijana ni David Kinjah wa klabu ya Safari Simbaz, huko Kikuyu. Septemba 2025, Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kabisa kwa udongo wa Afrika. Kwa hivyo mtu asikuambie hii ni mambo ya majuu.

Shida iko kati ya keja na forest. Huwezi toa mtoi wa miaka 8 Buru umwambie akanyage pedali hadi Karura. Barabara zetu nyingi hazina njia ya baiskeli. Thika Road iko nayo, lakini nduthi wamo, mkokoteni umo, na mama wa mahindi choma pia ameweka jiko hapo hapo. So ndai ya familia ndio inabeba, na maswali yanaanzia hapo. Tuweke juu? Tufunge nyuma? Ama tusukume zote ndani?

Hesabu vichwa kabla uhesabu doh

Wasee wengi huanza na keria. Wanaona moja kwa simu, inakaa fiti, wanaitisha, alafu ikifika wanapata haishiki buti yao. Mi nasema keria ni swali la mwisho. Kuna maswali matatu yanakuja mbele yake.

La kwanza: siku ya kutoka, ndani ya ndai kutakuwa na vichwa ngapi? Kama ni mathe, mzae, we, siste na shosh, siti zote zimeisha na baiki haina place ndani. Kama ni nyinyi wawili na mtoi mmoja, mko na nusu ya gari ya kuchezea. Hiyo tofauti peke yake inaweza kuokolea chapaa yote ya keria.

La pili: baiki ni ngapi, na zina uzito gani? Baiki ya milimani ya mtu mzima, zile ex-UK tunanunuanga, mara nyingi iko kilo 13 hadi 15. Black Mamba inapita kilo 20. Baiki ya betri inaweza fika kilo 25. Kama hujui yako, panda mizani ukiwa umeibeba, alafu panda bila, utoe hesabu. Hii namba utaihitaji, kwa sababu kila keria ina kikomo chake na ndai pia ina chake.

La tatu: mnaenda wapi? Lami ya kutoka South C hadi Karura ni fupi na mwendo ni wa polepole. Vasha ni karibu kilomita 90 kutoka tao, na njiani kuna upepo wa Bonde la Ufa, matrela na matuta yenye hayana alama. Ukiishia ocha kwa murram, kila nati itatetemeka hadi ijilegeze. Keria yenye inatosha Karura inaweza kukuangusha ukiwa Kinungi.

Ukishajibu hayo matatu, keria inajichagua yenyewe. Sasa tupitie moja moja.

Ndani: bure, salama, na mwizi haoni kitu

Kama vichwa ni vichache, weka ndani. Mi huanza hapo kila wakati. Hakuna kitu ya kununua, upepo haukugusi, mvua haikugusi, na ukisimama kuchukua chai na mandazi Kimende hakuna mtu anakodolea baiki yako macho.

Probox na Fielder ni moto kwa hii kazi. Siti za nyuma zinalala, na baiki mbili za watu wazima zinaingia bila vita. Kwa Fielder unaweza lalisha upande mmoja tu wa siti, ule mwingine ubaki na abiria. Wish unalalisha zile siti za nyuma kabisa. Noah na Voxy ziko na siti za nyuma zenye zinakunjwa zinainuliwa kando, na hiyo paa ndefu inakubali baiki isimame wima ukitoa gurudumu la mbele na uteremshe kiti. Baiki ya mtoi, saizi 12 ama 16, mara nyingi inaingia buti nzima nzima bila kufungua kitu.

Hii ndio hatua kwa hatua, na ukizifuata hautakosana na mathe juu ya siti zake.

Badilisha gia kwanza, cheni ikae kwa ile gia ndogo ya nyuma. Hapo ukihitaji kutoa gurudumu la nyuma pia, linatoka smudhi. Tandika gunia safi ama leso ya zamani kwa siti zenye umelalisha. Toa gurudumu la mbele. Lalisha baiki na upande wa cheni ukiangalia juu. Ukiilalisha upande wa cheni ukiwa chini, uzito wote unakalia ile mkono ya gia ya nyuma, inapinda, na utaanza kusikia gia zinaruka ukiwa katikati ya mlima. Baiki ya pili inakuja juu yake ikiangalia kinyume, na blanketi katikati.

Kama breki zako ni za diski na zinatumia mafuta, kuna kitu ndogo ya kuheshimu. Ukishatoa gurudumu, mtu asifinye breki. Ile pedi mbili zitakaribiana zigusane, na diski haitaingia tena hadi uzitenganishe polepole. Kata kipande cha karatasi ngumu ya katoni, ikunje mara mbili, iingize katikati ya pedi. Alafu waambie watoi hiyo leva si ya kuchezea. Na diski yenyewe usiishike na mikono yenye mafuta ya cheni, juu breki ikinywa mafuta inapiga kelele na inaacha kushika vile inafaa.

Mwisho, funga. Hapa ndio wasee huzembea, juu wanafikiria baiki ikiwa ndani haiendi popote. Ukikanyaga breki ghafla kwa kasi ya 80, hiyo chuma ya kilo 14 haisimami na gari. Inaendelea mbele, na mbele kuna shingo ya mtu. Pitisha mkanda kwa fremu, uushikishe kwa zile pete za buti ama kwa mguu wa siti. Gurudumu lenye umetoa pia lifunge. Na mtoi asikae kando ya baiki yenye haijafungwa, ata kama ni mwendo wa dakika kumi.

Nyuma kwa buti: rahisi kununua, inataka macho

Vichwa vikijaa, watu wengi hukimbilia keria ya mikanda, ile inashikwa kwa kingo za buti na inakunjwa ikimaliza kazi. Kati ya keria zote, hii ndio haiumizi mfuko, na ata msee mfupi anaifikia. Kubeba kilo 14 hadi usawa wa kifua ni kitu tofauti na kuipandisha juu ya paa.

Lakini si kila buti inaikubali. Kama ndai yako iko na spoila ya plastiki hapo juu, ndoano zikishika spoila badala ya chuma ya mlango, itavunjika. Ndoano isishike ukingo wa kioo. Buti yenyewe ikiwa ya plastiki, achana na hii keria kabisa. Soma karatasi ya keria uone kama gari yako imetajwa, na ukiwa dukani omba wakuwekee mbele yako kabla ulipe.

Alafu kuna rangi. Mzae alicheki nikifungua ile mikanda mara ya kwanza, akakaribia.

"Kijana, hii rangi ikikwaruzwa, hii gari haitoki tena Jumapili."

"Sawa, mzae. Hakuna chuma itagusa bodi. Naosha buti kwanza."

Akasimama hapo hapo hadi nikamaliza kuosha. Na alikuwa sawa, juu kwa hii keria rangi huliwa na vumbi kuliko chuma. Mchanga ukibaki chini ya zile sponji za keria, gari ikitetemeka unasagwa kwa rangi kilomita baada ya kilomita. Osha buti, kausha, panguza sponji, alafu ndio uweke keria. Mahali baiki inagusa baiki nyingine, funga kipande cha godoro kuukuu ama tubu iliyokatwa.

Kaza mikanda yote, ya juu, ya kando na ya chini. Baiki nzito inakaa karibu na gari, nyepesi inakaa nje. Ya kwanza ikiangalia kushoto, ya pili iangalie kulia, ndio mausukani yasipigane. Funga gurudumu la mbele lisizunguke. Baiki za kidem zenye bomba la juu limeshuka, na za watoi, hazikai vizuri kwa mikono ya keria. Funga bomba imara kutoka shingo ya kiti hadi shingo ya usukani, alafu ning'iniza hilo bomba.

Kitu moja watu hawachekingi ni ekzosi. Tairi ya baiki ikining'inia karibu na mdomo wa ekzosi, joto litaipika hadi iharibike, na utagundua ukifika Vasha. Piga magoti nyuma ya gari ucheki. Kama iko karibu, inua ama sogeza.

Na usisahau karao. Nambari ya gari na taa za nyuma lazima zionekane. Ukifunika pleti na tairi tatu, umejitafutia kusimamishwa, na ukifunika indiketa, dere wa nyuma hajui unakata wapi. Usiende kujichapishia pleti ingine mtaani, juu pleti hutoka NTSA peke yake. Tafuta keria yenye inainua baiki juu ya pleti. Kama ndai yako hairuhusu, hii njia si yako.

Juu: siti zote zako, lakini kumbuka urefu

Familia ya vichwa vitano na baiki tatu, mi naielekeza juu. Nyuma inabaki wazi, taa na pleti zinaonekana, buti inafunguka mkitaka kutoa chakula, na hakuna kitu inakwaruza mlango.

Forester nyingi na Prado zinakuja na reli juu, so unanunua vyuma viwili vya kuvuka na zile treya za baiki. Fielder na Axio nyingi hazina reli. Hapo unatafuta vyuma vyenye vinashika kwa fremu ya mlango, vile vimetengenezewa hiyo gari. Usichukue saizi ya gari ingine na kulazimisha, juu hicho kishikio ndio kimebeba kila kitu.

Sasa hesabu ya uzito. Kila gari imeandikiwa kikomo cha paa, na kwa hizi gari ndogo mara nyingi ni kati ya kilo 50 na 75. Vyuma na treya zimo kwa hiyo hesabu. Sema baiki tatu za kilo 14, hizo ni 42. Vyuma kilo 5, treya tatu za kilo 4 kila moja, jumla 59. Gari ya kikomo cha 75 imepita. Gari ya kikomo cha 50 imekataa, so hapo beba baiki mbili tu. Najua kitabu ya gari yako imeandikwa Kijapani, juu ndai zetu nyingi zimetoka huko zikiwa zimetumika. Elekeza kamera ya simu kwa ukurasa, itakutafsiria.

Urefu ndio una ngori. Fielder yenyewe ni kama mita 1.5. Ukiweka baiki imesimama juu yake, mmekuwa karibu mita 2.6. Kizuizi cha pakingi ya chini ya supamaketi nyingi kiko karibu mita 2. Noah na baiki juu inakaribia mita 3. Chukua karatasi, andika BAIKI JUU na urefu wenu wote, ibandike kwa dashibodi mbele ya dere. Fanya hivyo ata kama dere ni mtu makini, kwa sababu mkirudi jioni mmechoka na watoi wamelala, mtu anaingia pakingi vile amezoea. Gate ya ploti yenu pia ipime, hasa kama iko na chuma imepita juu.

Upepo nao unakula mafuta. Gari itanguruma, na tanki itaisha haraka kuliko ulivyozoea. Mkirudi, toa treya. Usizungushe keria tupu wiki nzima kwenda job.

Na uliza pia: nani atainua? Kama ni mathe peke yake na watoi, na ndai ni Noah, kuinua kilo 14 hadi hapo juu ni kujiumiza mgongo. Tafuteni njia ingine.

Chuma ya trela: ngumu kupata, tamu kutumia

Keria yenye inakaa kwa ile chuma ya kuvuta trela ndio inanipendeza kuliko zote kwa baiki nzito. Baiki zinakaa chini, unazipandisha bila kutoa jasho, hazigusi bodi. Zile nzuri ziko na taa zake na mahali pa pleti. Baiki za betri, hapa ndio kwao. Toa betri kwanza ubebe ndani, baiki inapungua uzito na betri haipigwi na mvua.

Lakini gari nyingi za familia hapa hazina hiyo chuma. Ukitaka kuwekewa, enda kwa fundi mwenye ataifunga kwa chesi na bolti za kueleweka. Fundi akikuambia ataishika kwa bampa ama kwa bati ya nyuma, sema asante uishie. Uliza kikomo cha uzito cha hiyo chuma, alafu ukumbuke keria yenyewe inaweza kuwa na kilo 15 ama zaidi kabla ata uweke baiki.

Jambo lingine ni nyuma kurefuka na kushuka. Ukipanda tuta la estate ama ukitoka mtaro na Probox imebeba, keria inakwaruza lami. Kwa njia mbovu za ocha, hii keria inataka gari ya juu kama Prado ama X-Trail.

Pikapu ya kabini mbili nayo ina ujanja wake: weka godoro kuukuu juu ya mlango wa nyuma, gurudumu la mbele lining'inie nje, fremu ikalie godoro, na kila baiki ifungwe kivyake kwa pete za ndani.

Shule ya makanga

Hii nchi inajua kufunga mzigo. Basi za kuenda ocha zimebeba baiskeli kwa keria tangu zamani, makanga akipanda ngazi na kurushiwa godoro, magunia, vitanda na Black Mamba ya guka, na zilifika. Hiyo akili bado iko mtaani. Kaa stage ucheki vile wanafunga: kamba haipiti juu tu, inazunguka mzigo, inashika chuma, inarudi. Kila mzigo una kamba yake. Moja ikikatika, zingine hazitoki.

Wengi wetu hufunga na blada, zile raba za tubu zenye watu wa nduthi na mkokoteni hutumia. Blada ni kitu safi kwa kuzuia baiki isipige kelele na usukani usizunguke. Lakini blada inavutika. Hiyo ndio kazi yake, na hiyo ndio sababu haifai kuwa kitu peke yake imeshika baiki kwa hewei. Tumia mkanda usiovutika, ule wa kukaza na leva ya chuma, uwe ndio umebeba uzito. Blada ije juu yake kutuliza mtetemo. Mkanda ukibaki na mkia mrefu, ufunge fundo, juu mkia ukipigwa na upepo unajifungua ama unaingia kwa gurudumu.

Kuna fundi mmoja wa Grogan aliniambia jinsi ya kujua kama kazi imeisha. Hakuangalia mikanda. Alishika fremu ya baiki na mikono yote miwili, akaivuta kwa nguvu kushoto na kulia.

"Cheki gari," akasema. "Gari ikitingika na baiki, imeshika. Baiki ikitingika peke yake, fungua uanze upya."

Hiyo ndio sheria naitumia hadi leo. Haijali keria ni ya bei gani ama imetoka wapi. Shika, tikisa, angalia kama ndai yote inacheza nayo.

Ukishatoka gate

Kabla mtoke, toa kila kitu inaweza ruka: chupa ya maji, pampu, taa, kikoba cha chini ya kiti. Siti ya mtoi yenye imefungwa kwa baiki pia itoe, juu inashika upepo vibaya.

Simama baada ya kilomita chache. Kama mnaishia Vasha, ingieni petroli stesheni kabla ya Rironi, mshuke, mtikise, mkaze. Mikanda hulegea mwanzo wa safari, ikishajipata. Mkimaliza sehemu ya murram, simameni tena. Sheria inaruhusu gari ndogo kilomita 110 kwa saa kwa barabara ya njia mbili kila upande, lakini na baiki juu ama nyuma, mi nasema 80 inatosha. Mkifika kwenye escarpment, upepo wa kando unasukuma zile tairi, na trela likikupita unavutwa kisha unasukumwa. Shika usukani na mikono miwili, acha nafasi, usishindane na mtu.

Mkisimama kudishi, keti mahali mnaiona ndai. Pitisha cheni na kufuli kwa fremu zote hadi kwa keria yenyewe. Usiku usiache baiki nje kwa keria, ata kama mko kwa mtu wenu.

Na kama haiwezekani?

Basi usibebe. Hell's Gate kuna baiki za kukodisha kwa barabara ya kuingia gate ya Elsa. Karura pia wanakodisha. Utakagua breki, utapima kiti, utalipa, utaendesha, utarudisha. Hell's Gate ni mbuga tangu 1984, na ni kati ya mbuga chache za Kenya zenye unaruhusiwa kuendesha baiskeli katikati ya wanyama. Watoi watakumbuka twiga, hawatakumbuka baiki ilikuwa ya nani. Familia yenye inatoka mara moja kwa miezi mingi haina haja ya keria. Iweke hiyo doh kwa helmeti za watoi.

Kwa wale wanatoka kila mara, msimamo wangu ni huu. Vichwa vitatu na baiki mbili, ndani ya Fielder, na umemaliza. Vichwa vitano na baiki hadi tatu, juu, ukishapiga hesabu ya kilo na ya urefu. Baiki nzito ama za betri, na gari ya juu, chuma ya trela. Keria ya mikanda ya buti ni ya safari fupi na buti ya chuma yenye haina spoila, na pleti ikionekana. Keria ya bei ghali imefungwa vibaya ni hatari kuliko ya kawaida imefungwa vizuri.

Mzigo wenu ukianguka kwa hewei, hauwaangukii nyinyi. Unamuangukia msee wa nduthi mwenye yuko nyuma na abiria wake, ama matatu imejaa watu wa kurudi home. Baiki ikitoka kwa gari kwa kasi ya 80, hao hawana muda wa kukwepa. So wasee, chukueni hizo dakika kumi za ziada kwa pakingi. Mathe afunge, mzae akague, mtoi mkubwa atikise. Na mtu yeyote kwa familia, ata kama ni yule mdogo kabisa, akisema haijashika, fungueni mfunge tena.